Kabla ya kuandika yenu, someni ya wenzenu

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala ujanja wa Linux wa kuwapa. Nina maoni, na nyuma ya maoni hayo kuna kosa langu mwenyewe. Itabidi mvisikie vyote viwili.

Jumamosi moja hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu kimoja hapa Kenya. Wanajifunza kuandika programu kwa kutumia programu huria, na hukutana asubuhi katika maabara ya kompyuta wakati wenzao bado wamejifunika blanketi. Niliwakuta kama thelathini hivi, laptopu zimejaa stika, chupa za chai na mandazi mezani. Nilifurahi kweli. Kikundi chetu sisi kilikuwa na watu tisa na kompyuta mbili, moja ikiwaka siku ikipenda.

Baada ya salamu wakanionyesha kazi yao kubwa ya mwaka: mfumo wa maktaba kwa ajili ya shule ya upili iliyo jirani na chuo. Wameuandika wenyewe kuanzia mstari wa kwanza. Unapendeza, unafunguka kwenye simu, una hata grafu za vitabu vilivyoazimwa. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, lakini moyoni nilikuwa nimeshtuka.

Nilishtuka kwa sababu mwaka 2010 sisi tuliandika mfumo huo huo.

CD za posta

Niliingia chuo mwaka 2006. Wakati huo intaneti yetu ilikuwa bado inapita kwenye setilaiti. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Kupakua CD moja ya megabaiti 700 kwenye saiba kungemaliza pesa zako za chakula kabla faili haijafika nusu. Kwa hiyo tuliagiza CD za Ubuntu kwa posta. Kampuni ya Canonical ilikuwa ikizituma bure popote duniani, hadi ilipoacha mwaka 2011. Siku bahasha ilipofika kwenye sanduku la posta ilikuwa sikukuu. Tulinakili CD hizo, tukazigawa bwenini, tukasakinisha Linux kwenye kila mashine ambayo mwenyewe hakuwahi kukimbia nayo.

Tulikuwa wahubiri wazuri sana. Tulijua kueleza tofauti ya "bure" na "huru", jambo ambalo Waingereza wanalipata kwa taabu kwa sababu lugha yao inatumia neno moja kwa maana zote mbili. Tulijua kwamba Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Tulijua zile haki nne, ambazo huhesabiwa kuanzia sifuri kama wanaprogramu wanavyopenda:

0. Kuiendesha programu kwa shughuli yoyote uitakayo.
1. Kuchunguza jinsi inavyofanya kazi, na kuibadilisha.
2. Kuwapa wengine nakala.
3. Kuwapa wengine nakala uliyoirekebisha.

Sasa niambie ukweli. Katika haki hizo nne, sisi tulitumia zipi? Sifuri na mbili. Tuliendesha na tukanakili. Katika miaka minne sikumbuki hata Jumamosi moja ambapo watu tisa tuliketi mbele ya msimbo wa programu ya mtu mwingine, yaani maandishi yenyewe aliyoyaandika, tukausoma. Tulikuwa na ghala limejaa chakula, nasi tukabaki kuusifu mlango.

3E14

Katika muhula wetu wa mwisho, mwalimu aliyesimamia maktaba ya shule moja ya upili alitujia. Alikuwa na vitabu kama elfu mbili, daftari kubwa la kaunta, na kompyuta moja ya msaada. Akauliza, "Vijana, hamuwezi kunitengenezea kitu cha kuazimishia vitabu?" Kumwuliza mwanafunzi wa mwaka wa nne swali hilo ni kama kumwuliza mbuzi kama angependa majani.

Tuliandika kwa PHP na MySQL, usiku na mchana, wiki sita. Hatukutafuta kama kuna mtu aliyewahi kuandika kitu kama hicho. Nani atafute wakati kuandika ndiko kutamu? Tukausakinisha. Mwalimu mkuu akatoa hotuba, tukapigwa picha, tukanywa soda.

Kila mwanafunzi wa shule tulimpa nambari ya utambulisho iliyoundwa na kidato chake, mkondo wake na nafasi yake kwenye rejista ya darasa. Aliye kidato cha tatu, mkondo wa E, nambari 14, aliitwa 3E14. Ilikuwa rahisi kukumbuka, na ukiitazama tu unajua mtu yuko darasa gani. Tulijiona wajanja.

Wewe unayesoma, umeshaona tulipoanguka?

Januari 2011 madarasa yakapanda. 3E14 akawa 4E14. Lakini 4E14 alikuwamo tayari: yule wa mwaka uliotangulia, aliyemaliza mtihani akaenda zake na vitabu viwili vya fizikia. Mwalimu aliandika jina jipya juu ya la zamani, kama karatasi yetu ya maelezo ilivyomwelekeza. Vitabu vikabaki palepale, chini ya nambari ileile. Kwa mfumo wetu, mvulana mpya ndiye aliyeviazima.

Mvulana akakana. Mwalimu akaangalia kompyuta. Kompyuta ikasema 4E14, vitabu viwili. Mama yake akaja shuleni akalipa, kwa sababu kompyuta ilisema. Na hakuwa yeye peke yake, maana kila mkondo ulikuwa umerithi madeni ya waliotangulia.

Mwalimu alinipigia simu mwezi wa Machi, baada ya kulinganisha na daftari lake la zamani. Nilikuwa Nairobi, kazi yangu ya kwanza, tai shingoni. Nikamwambia nitakuja Jumamosi. Sikwenda. Akapiga tena mwezi wa Mei, nikamwelekeza kwa kikundi. Kikundi kilikuwa na viongozi wapya, na viongozi wapya walikuwa na mradi wao mpya. Mmoja aliufungua msimbo wetu, akautazama, akaufunga. Simlaumu. Haukuwa na maelezo, haukuwa na leseni, na nakala ya kufanyia majaribio ilikuwa kwenye laptopu ya mwenzetu ambayo ilishaibwa.

Mwalimu akarudi kwenye daftari la kaunta. Mimi sikuwahi hata kuuliza kama yule mama alirudishiwa pesa zake.

Zawadi kutoka New Zealand

Miaka miwili baadaye, kazini, niliambiwa niunganishe mfumo fulani na maktaba iliyokuwa ikitumia Koha. Wakutubi wengi wanaijua, na maktaba kadhaa za vyuo hapa Kenya zinaitumia. Ni programu huria ya maktaba iliyozaliwa New Zealand. Mwaka 1999 maktaba za eneo la Horowhenua zilikuwa na mfumo wa zamani ambao usingevuka mwaka 2000 salama. Zikaipa kampuni ndogo ya Katipo Communications kazi ya kuandika mwingine. Ukaanza kutumika Januari 2000, nao wakaamua kuutoa kwa leseni ya GPL ili maktaba yoyote iutumie. Koha ni neno la Kimaori. Maana yake ni zawadi, lakini zawadi ya aina ile tunayoijua hata sisi: ukipokea, siku moja nawe utarudisha mkono.

Basi nikafungua msimbo wa Koha, nikafika kwenye jedwali la waazimaji. Kuna safuwima iitwayo borrowernumber. Ni nambari tu. Haina darasa ndani yake, haina mwaka, haina maana yoyote. Mtu hupewa yake mara moja, na hata abadilishe jina, anwani au daraja, nambari ile inabaki. Kadi yake mkononi ina nambari nyingine, cardnumber, ambayo mkutubi anaweza kuibadilisha kadi ikipotea.

Nilikaa nikaitazama hiyo safuwima mpaka chai ikapoa. Somo lililomgharimu yule mama lilikuwa limeandikwa hapo wazi, kwa yeyote, bila malipo, muda wote ambao sisi tulikuwa tukijiona wajanja. Tulichohitaji ni alasiri moja ya kusoma.

Maoni yangu ni haya

Kikundi cha wanafunzi kinachotaka kujifunza kuandika programu kisianze na ukurasa mtupu. Kichague programu huria moja ambayo tayari ina watumiaji, tayari ina kasoro, na tayari ina watu wanaoitunza. Kiisome pamoja. Kisha kiirekebishe kidogo kidogo mahali panapouma.

Najua haina mvuto. Lakini fikirieni darasani tunafundishwa nini. Unapewa zoezi siku ya Jumatatu. Unaandika mistari mia mbili peke yako. Unaikabidhi Ijumaa, unapata alama, programu inakufa. Hakuna aliyeitumia, na hakuna atakayekuuliza kitu mwaka ujao. Kazini mambo ni kinyume. Tangu niajiriwe, siku nilizopewa ukurasa mtupu nazihesabu kwa vidole. Siku nyingine zote nimepewa msimbo mrefu ulioandikwa na watu walioshaondoka, na mteja anayelalamika. Darasa haliwezi kukupa hali hiyo. Programu huria inakupa.

Tena inakupa kitu cha pili ambacho ni adimu zaidi: mtu wa kukukatalia. Chukueni Koha hiyo hiyo. Huwezi kuandika rekebisho, ambalo sisi tunaliita kiraka, likaingia tu. Kwanza kasoro inaandikwa kwenye daftari la kasoro na kupewa nambari. Ukileta kiraka, mtu mwingine lazima akijaribu kwenye mashine yake na kukitia sahihi. Kisha timu ya ubora inakikagua upya. Ndipo msimamizi wa toleo anakiingiza. Kikiwa na doa, kinarudishwa kwako na maelezo. Utakasirika. Utasoma tena. Utagundua kwamba alikuwa na haki. Hakuna mhadhara wa saa mbili unaofundisha kama hilo.

Na maelezo yale yote yanabaki. Ukitaka kujua kwa nini mstari fulani uko hivyo, unafuata nambari ya kasoro, unakuta watu walibishana wiki tatu juu ya mstari huo. Sisi watu tisa tulibishana juu ya nambari ya utambulisho kwa dakika tano, tena tukiwa na njaa.

Usiniambie kwamba mwanafunzi hana la kuchangia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji amezoea ngazi iliyovunjika, anairuka bila kufikiri. Mgeni ndiye anayeanguka, na akianguka nyumba nzima inajua ngazi ni mbovu. Maelezo ya usakinishaji ya programu nyingi yana hatua ambazo watunzaji hawazioni tena kwa sababu wanazifanya usingizini. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akikwama hapo, ameshapata mchango wake wa kwanza.

Ya Sri Lanka na ya Eldoret

Mfano ninaoupenda uko ng'ambo ya bahari yetu. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliipiga Sri Lanka. Mawimbi yaleyale yalifika hadi pwani yetu. Wanaprogramu wa kujitolea wa huko wakaandika Sahana, programu huria ya kusaidia kutafuta waliopotea, kupanga kambi na kugawa misaada. Haikutokea hewani. Nchi hiyo ilikuwa tayari na watu waliozoea kushiriki miradi ya kimataifa ya programu huria, na vyuo vyao vilikuwa karibu nao. Google walipoanzisha Summer of Code mwaka 2005, mpango wa kuwalipa wanafunzi wafanye kazi kwenye miradi huria wakiwa na walezi, chuo kilichotoa wanafunzi wengi zaidi katika miaka kumi ya mwanzo hakikuwa cha Marekani wala cha Ulaya. Kilikuwa Chuo Kikuu cha Moratuwa, Sri Lanka. Aliyetangulia alimwonyesha anayefuata jinsi ya kusoma msimbo, kuuliza swali na kuandika ombi. Siri ni hiyo tu. Kila darasa lilipokea njia iliyokwisha kukanyagwa.

Na sisi je? Hatuna sababu ya kulia. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, katika mpango wa AMPATH unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa pamoja na washirika wa Marekani. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya vinavyohudumia wenye virusi vya Ukimwi, imejengwa juu yake. Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, nchi ikiungua baada ya uchaguzi. Moodle, ambayo wanafunzi wengi wanafungua kila siku kuchukua maelezo ya mihadhara na kuitukana ikichelewa, nayo ni huria. Kuitukana unaweza. Lakini kuirekebisha pia unaweza.

Mnayoniuliza

Pale maabara sikuachwa nimalize kwa raha. Vijana wa siku hizi wanabisha, na wanabisha vizuri.

Mmoja alisema: "Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Helsinki alipoitangaza Linux mwaka 1991. Alianza na ukurasa mtupu." Hapana, ndugu yangu. Torvalds alikuwa na Minix, mfumo mdogo ambao Andrew Tanenbaum aliuandika kwa ajili ya kufundishia, pamoja na kitabu kinachoueleza msimbo wake. Wakati huo Minix haikuwa huria, lakini msimbo ulisomeka. Torvalds aliununua, akausoma, na Linux ya mwanzo aliiandika akiwa ndani ya Minix. Hakunakili. Lakini alisoma kwanza.

Mwingine alisema Koha ni kubwa mno kwa shule yenye vitabu elfu mbili, na imeandikwa kwa Perl, lugha ambayo hakuna mwajiri Nairobi anayeitafuta. Hili nalikubali nusu. Kwa shule ndogo, Koha inaweza kuwa trekta la kulimia bustani ya sukuma wiki. Basi tafuteni iliyo ndogo. Na hata mkiandika yenu mwishowe, mtakuwa mmeshasoma ya wenzenu, na mtajua vitabu na waazimaji vimepangwaje na watu waliolifikiria jambo hilo zaidi ya miaka ishirini. Kuhusu Perl: lugha unajifunza kwa wiki kadhaa. Kujua mahali pa kuanzia ukitupwa ndani ya msimbo usioujua kunachukua miaka, na ndiko kunakolipwa.

Wa tatu, ndugu mmoja wa nyuma, akasema: "Siku hizi mashine inaandika msimbo. Kwa nini nisome?" Kwa sababu mashine ingeniandikia 3E14 vizuri sana, kwa dakika moja, bila kosa la tahajia, kama ningeiambia nambari iundwe na kidato, mkondo na rejista. Anayejua kusema "ngoja kwanza, Januari itakuwaje?" ni yule aliyesoma na kuumia. Mashine ikiandika zaidi, wasomaji wanahitajika zaidi.

Nina onyo pia. Kuna vikundi vinavyochangia kwa ajili ya fulana. Oktoba 2020, shindano la Hacktoberfest liliahidi fulana kwa washiriki watakaotangulia kutuma michango minne. Watunzaji wa miradi wakafurikiwa na marekebisho ya upuuzi: nukta imeongezwa hapa, neno "nzuri" limetiwa pale. Waandalizi ikabidi wabadilishe kanuni ndani ya mwezi huohuo, ili ihesabiwe tu miradi iliyokubali kushiriki. Yule mtunzaji aliyekesha akifuta takataka zenu ni mtu, huenda anaifanya kazi hiyo baada ya kazi yake. Msimwendee kwa mafuriko. Mwendeeni na kasoro moja mliyoijaribu, mkaielewa, mkaieleza.

Ningeanzaje leo

Kama ningerudishwa miaka ile na watu wangu tisa, ningefanya hivi:

1. Programu moja kwa mwaka mzima. Si tano. Iwe inayotumiwa na mtu ambaye mnaweza kumtembelea kwa miguu: mkutubi wa chuo, karani wa zahanati, mhadhiri wenu. Mwulizeni inamkera wapi.

2. Pakueni msimbo mara moja kwa git, halafu mpeane kwa flashi. Git inabeba historia yote pamoja na msimbo, kwa hiyo hata mtandao ukikatika mnaweza kusoma nani alibadilisha nini, lini, na kwa nini. Haihitaji bando.

3. Wiki sita za mwanzo msiandike kitu. Kila Jumamosi mmoja anawasomea wenzake faili moja kwa sauti na kuieleza. Mahali anapokwama ndipo pa kujifunzia. Itachosha, nakubali. Leteni mandazi.

4. Anzeni na kasoro ndogo iliyokwisha kuandikwa. Kazi ya kwanza ni kuifanya itokee kwenye mashine yenu, na kazi ya pili ni kueleza inatokea lini. Nusu ya kasoro zinaponea hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa ndogo ndizo zinazokaribisha fundi mwanagenzi.

5. Kila kiraka kipite kwa mwenzenu kabla hakijatoka nje. Na anayekagua awe wa mwaka wa chini inapowezekana, kwa sababu asipokielewa yeye, maelezo yenu hayatoshi.

6. Mwaka wa nne asiongoze, alee. Kikundi kinakufa kila viongozi wanapohitimu kwa sababu ujuzi wote ulikuwa kichwani mwao. Mradi huria mkubwa hauhitimu. Ukiondoka, daftari la kasoro linabaki, mkaguzi aliye mji mwingine anabaki, na mwalimu wa maktaba ana pa kuuliza hata kama wewe umevaa tai na hupokei simu.

Hiyo ya sita ndiyo hasa. Kama sisi tungempelekea yule mwalimu programu ambayo watu wengine wanaitunza, uzembe wangu ungekuwa aibu yangu tu. Usingekuwa deni la mtoto wa mtu.

Mwisho wa Jumamosi

Nilipomaliza, msichana mmoja wa mwaka wa pili akanyosha mkono. "Kwa hiyo tufute kazi yetu?"

Nikamwambia hapana. Nikamwomba afungue jedwali lao la wanafunzi, akalionyesha kwenye ukuta. Nikauliza, mwanafunzi anatambulishwa kwa nini? Akasema kwa nambari ya simu ya mzazi, kwa sababu kila mzazi ana simu, na mfumo unaweza kumtumia ujumbe kitabu kikichelewa.

Sikusema kitu. Nilingoja. Maabara ikanyamaza, kisha kijana mmoja karibu na dirisha akasema polepole, "Na mimi na dada yangu tulisoma shule moja."

Walicheka wote, halafu wakaacha kucheka.

Tumekubaliana hivi. Mfumo wao hautapelekwa shuleni muhula huu. Wanasakinisha Koha kwenye mashine moja ya maabara, wanasoma sehemu ya waazimaji na sehemu ya uazimishaji, kisha wataamua wenyewe: waitumie, watafute ndogo zaidi, au warekebishe yao kwa yale waliyoyasoma. Mimi nimeahidi kufika mara mbili kila mwezi kukagua viraka. Jumamosi iliyopita ilikuwa ya kwanza. Safari hii nilikwenda.

Haya, kwa leo naishia hapo. Wewe uliye kwenye kikundi kama hiki, Jumamosi ijayo fungueni faili moja ya mtu mwingine. Moja tu.